Kagua Jengo Lako Kabla Mvua ya Dodoma Haijafika

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Vumbi hilo hutua kwenye gata, likachanganyika na majani ya mwarobaini na viota vya ndege, na mvua ya kwanza ikishuka linageuka tope. Maji yakikosa njia hurudi chini ya bati, yakalowesha kenchi na dari.

Januari moja niliitwa kwenye ofisi ambayo dari ya jipsamu ilikuwa imeangukia meza ya mhasibu. Nilipopanda juu nilikuta gata limejaa tope, na mche wa mwarobaini umeshaota humo, urefu wa kiganja. Kuzoa tope lile kulichukua saa moja. Kurudisha dari, rangi na nyaya za umeme kulichukua wiki tatu.

Wengi wakisikia habari hii husema basi kila kitu kitengenezwe mapema. Hapana, huko nako ni kupoteza fedha. Balbu ya korido iache iungue ndipo uibadilishe, mradi ya akiba iko stoo. Swali la kujiuliza ni moja: hiki kikiharibika, kitaharibu na nini kingine, na nani ataumia? Kama hakuna, subiri. Kama kuna, kipangie tarehe. Gata, misumari ya bati iliyolegea, vizimamoto na mfumo wa umeme vyote ni vya kupangiwa tarehe. Hita za maji pia, maana maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na ukoko mweupe hujijenga ndani taratibu hadi hita inakula umeme mwingi na maji hayapati moto.

Kuna kundi la tatu, la vitu vinavyofuatiliwa hali yake, na hapa naomba tutulie kidogo. Nyufa. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, lakini haituambii ufa umetoka wapi. Sehemu kadhaa za Dodoma zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka, ukuta ukachanika kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Fundi akiuziba kwa saruji na kupaka rangi, mwaka unaofuata uko palepale.

Kabla ya kumwita fundi, chukua penseli. Weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe pembeni, pima upana wake kwa rula. Rudia kila mwezi, kiangazi na masika. Ufa mwembamba kama unywele usiobadilika ni wa plasta tu. Unaofunguka na kufunga kwa misimu unakuelekeza kwenye udongo, kwa hiyo angalia bomba linalovuja, mti mkubwa uliopandwa karibu na ukuta, au maji ya paa yanayomwagikia msingi. Ukizidi milimita 5, au mlango ukianza kugoma kufunga, mwite mhandisi, usimwite mpaka rangi.

Fedha ndiyo kisingizio cha kila mwaka. Mwaka 1990, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Kwa jengo la shilingi milioni 100, hiyo ni milioni 2 hadi 4. Najua shule na zahanati nyingi hazifiki hapo. Basi kidogo kilichopo kianzie juu: paa na njia za maji kwanza, umeme unafuata, rangi mwisho. Mara nyingi naona kinyume chake, ukuta wa mbele unang'aa huku bati linavuja, na inaniuma.

Wazee wa Kigogo waliokaa kwenye tembe walikandika paa la udongo kiangazi, mawingu hayajakusanyika. Sisi wa bati tufuate kalenda hiyohiyo. Nunua daftari la kurasa 96, kila chumba ukurasa wake, na wiki ya mwisho ya Oktoba ngazi iwe imeegemezwa ukutani.