Nani kasema ni muziki wa kuiga wazungu?

Bendi changa ya Nairobi ikipanda jukwaani kupiga muziki wa majaribio kwa sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) na gitaa lenye mwangwi mrefu, hakosekani mtu wa kusema: hawa wanaiga Ulaya. Maneno hayo hayana mashiko.

Mwaka 1944, mjini Cairo, mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zar, ngoma ya kutibu watu wenye pepo, kwa mashine ya kunasa sauti kwenye waya, kisha akaichezea ile sauti kwa mwangwi na vichujio hadi ikageuka kitu kingine kabisa. Mfaransa Pierre Schaeffer alianza majaribio yake maarufu ya namna hiyo Paris mwaka 1948. Zambia nayo, miaka ya 1970, ilikuwa na magitaa ya kukwaruza na kulewesha. Bendi ya WITCH ilikuwa kinara.

Hapa kwetu, KMRU, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru, hurekodi sauti za mazingira na kuzijengea muziki. Jaribu mwenyewe: rekodi makanga akigonga bodi ya matatu, kisha upunguze kasi ya kanda kwa nusu. Sauti yote inashuka oktavo nzima, yaani kama kutoka do ya juu hadi do ya chini. Ule mlio mkavu wa kugonga unakuwa ngoma nzito, na makelele ya stejini nyuma yake yanavutika mpaka huyatambui. (Kuiga wazungu kwa sauti ya makanga, hiyo ni kazi kweli.)

Kundi la Duma, la Nairobi pia, lilichanganya metali (roki nzito ya makelele) na muziki wa elektroniki, na albamu yake ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala.