Majukumu yasiyokwisha ya zahanati, na namna ya kuyapangia siku

Karibu kila zahanati ninayoingia kwa usimamizi shirikishi (kukagua huku nikisaidiana na watumishi), mkoani Lindi, kuanzia pwani ya Kilwa hadi ndani kabisa Liwale, ina mpango kazi uliobandikwa ukutani. Ni wa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, wenye jedwali la shughuli, mhusika na muda wa utekelezaji. Kampeni ya chanjo ina tarehe zake. Ukarabati wa choo una fundi na mwezi wa kukabidhi. Kisha inafuata mistari ambayo macho huipita haraka: kutunza mnyororo baridi, yaani ubaridi wa chanjo, kuhakikisha dawa zipo, kutunza takwimu. Muda: endelevu. Mhusika: watumishi wote.

Kwenye mistari hiyo ndiko ninakokaa na mfawidhi, msimamizi wa zahanati, muda mrefu kuliko penginepo. Kampeni haihitaji msaada wangu sana. Tarehe inasogea, simu za wilayani zinapigwa, posho zinasubiri ripoti, na ikiisha tunapongezana. Friji iliyokaa nyuzi 5 mwaka mzima haiandikiwi barua ya pongezi. Hakuna anayesema friji haina maana. Ila kazi isiyo na mwisho haina siku ambayo ni lazima ifanyike leo, kwa hiyo kila leo ina kitu kingine cha kuitangulia.

Jambo la kwanza ninaloomba libadilishwe ni maandishi yenyewe. "Kutunza mnyororo baridi" ni maneno ambayo huwezi kuyakagua. Andika hali unayotaka kuikuta: friji inasoma kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, asubuhi na jioni, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na chati haina kisanduku kitupu. Hapo hata mhudumu wa afya ambaye hakusomea chanjo anaweza kusimama mbele ya friji akajibu ndiyo au hapana. Fanya hivyo kwa kila jukumu la kudumu. Kwa dawa: hakuna dawa muhimu iliyoisha, na leja ya stoo inalingana na kilichopo rafuni. Kwa taka: hakuna sanduku la sindano lililojaa kupita robo tatu. Ukimaliza utakuwa na ukurasa mmoja, na mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mfawidhi anaona kwa macho yake kila kitu alichokibeba kichwani.

Linalofuata ni gumu zaidi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Tukishapata orodha, sote hukimbilia kuipanga kwa umuhimu. Katika afya njia hiyo haitufikishi popote, kwa sababu kila mstari ni muhimu. Nani atasema chumba cha kujifungulia kiko chini ya chanjo? Mimi hupanga kwa kasi ya kuharibika. Nauliza: hali hii ikiachwa bila kuangaliwa, itachukua muda gani hadi ilete madhara yasiyorekebishika? Muda huo ndio unaotoa ratiba. Kinachoharibika kwa saa kikaguliwe kila siku, na kinachoharibika kwa miezi kikaguliwe mara chache, bila kujilaumu kwamba tunakipuuza.

Chukua friji. Kwa joto letu la pwani, wengi huogopa chanjo kupata moto, na ni kweli surua-rubela na polio ya matone hazivumilii joto. Lakini Penta (chanjo ya magonjwa matano), HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) na chanjo ya pepopunda huuawa na barafu. Zikiganda mara moja zimekwisha, hata ukiziyeyusha, na kichupa hakikuambii. Kile kiashiria cha kwenye lebo, mraba unaozidi kuwa mweusi ndani ya duara, kinasoma joto tu, kuganda hakukioni. Friji ya gesi iliyoongezwa moto ili ipoze zaidi mchana wa Novemba ikasahauliwa hivyo hivyo, usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 2 na asubuhi mlango ukifunguliwafunguliwa ikarudi 4. Anayesoma mara moja tu, saa nne asubuhi, ataandika 4 kwa moyo mweupe na kumchoma mtoto chanjo isiyomkinga. Kusoma mara mbili kwa siku kumetokana na kasi hiyo ya uharibifu. Nikikuta chati imejazwa Jumatatu hadi Jumapili kwa wino mmoja na mkono mmoja, naomba niambiwe nani alikuwepo Jumapili.

Oksitosini nayo imo katika friji hiyo hiyo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaitegemea, na dawa iliyokaa wiki kadhaa kwenye droo ya chumba chenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi. Kwa hiyo friji ikiharibika, na chumba cha kujifungulia kimepungukiwa.

Chumba chenyewe kinakaguliwa kila zamu: mfuko wa kumpulizia hewa mtoto upo na haujapasuka, glavu zipo, taa inawaka. Ni dakika tano. Stoo ya dawa ihesabiwe kila mwisho wa mwezi, kabla ya kugusa ripoti. Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa na huduma, vijazwe mgonjwa akiwa bado mbele yako. Kusubiri mwisho wa mwezi ndiko kunakozaa takwimu za kukisia. Mikutano ya kamati ya kituo ni ya kila robo mwaka, nayo haidai zaidi.

Paa, mifereji, akiba ya gesi na barabara ya rufaa zina mwendo wa polepole sana, ndiyo maana husahaulika kuliko vyote. Hivi viwekee siku moja kabla ya mvua, mwishoni mwa Oktoba. Wenzetu wa Liwale wanajua gari la dawa likikwama maana yake nini. Na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya kusini upande wa Kilwa, mkoa mzima ulionja. Wakati kama huo, mtungi wa pili wa gesi ulionunuliwa mapema unaokoa chanjo za watoto wa kata nzima.

Sasa kuhusu "watumishi wote". Kila hali iwe na jina moja, na jina la pili la atakayeshika mwenye jina asipokuwepo. Muuguzi mmoja wa Nachingwea aliniuliza swali la haki: "Dokta, hapa tuko wawili. Mwenzangu akienda semina, hayo majina mawili nayatoa wapi?" Nilimwambia, na ndivyo ninavyoamini, kwamba ukurasa ule haumkamui mtumishi kazi zaidi. Unaonyesha kiasi gani kinabebeka. Watu wawili wakiwa na hali kumi na tano za kushika na wanaweza kumi, uamuzi ni wa kufanywa mezani, mbele ya mganga mkuu wa wilaya na kamati ya kijiji: labda huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu waliko, kwenye vitongoji vya mbali ipungue hadi mara moja kwa mwezi kipindi cha korosho, mtumishi wa tatu akiwa bado hajaletwa. Kinachoniumiza ni pale kitu kinapoachwa kimyakimya, mtumishi akibaki na hatia na uongozi ukidhani kinafanyika. Mhudumu wa afya pia apewe jina lake kwenye ukurasa, na mamlaka ya kweli juu ya usafi na taka. Wengi wana macho makali kuliko sisi.

Hali ikivunjika, hapo ndipo huzaliwa kazi yenye mwisho. Friji imesoma 11: hamisha chanjo kwenye kibebeo chenye vifuko vya barafu vilivyoachwa vikaanza kutoa jasho, ziandike "zisitumike", mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya, tafuta fundi, subiri uamuzi. Kazi hii ina mwanzo, ina hatua, na ikiisha unaipiga mstari. Mstari wa friji kwenye ukurasa haupigwi mstari kamwe. Ukichanganya vyote kwenye orodha moja, orodha haipungui, na mtu anayetazama orodha isiyopungua huchoka kuitazama.

Kengele ya simu inafaa kwa friji. Ukurasa wenyewe ubaki karatasi, ubandikwe nyuma ya mlango wa chumba cha mfawidhi, maana simu huondoka na mwenyewe. Mara moja kwa wiki, mimi napenda Ijumaa asubuhi kabla watu hawajatawanyika kwenda swala, wawili mzunguke nao kituoni kwa miguu. Msiujaze mkiwa mezani. Nusu saa inatosha.

Ukurasa huo huo ndio wa kukabidhiana wakati wa uhamisho. Anayeondoka na anayeingia wapite mstari kwa mstari, wakifungua friji, leja na kabati la chumba cha kujifungulia, kila hali iandikwe ilivyokutwa siku hiyo, kisha wote wawili watie saini. Jina la zamani lifutwe na jipya liandikwe kabla gari la mizigo halijaondoka, hata kama mgeni bado hajapata nyumba.