Mwenye betri ya moyo anaweza kuwekewa kifaa cha presha?

Anaweza. Ila betri ya moyo, yaani pesimeka, na kifaa cha kushusha presha kinachopandikizwa mwilini lazima vijaribiwe pamoja mgonjwa akiwa bado chumba cha upasuaji, na hapo ndipo pa kuwa makini.

Kifaa cha presha kinachofahamika zaidi ni Barostim, kinachotengenezwa na kampuni ya CVRx ya Marekani. Ulaya hutumika pia kwa presha sugu isiyosikia dawa; Marekani kiliidhinishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri. Daktari hushona elektrodi ndogo (kipande cha kupitishia umeme) juu ya mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, pale unapogawanyika. Hapo mwili una vihisio vyake vya presha. Vikichochewa kwa umeme kidogo, ubongo huona presha imepanda, hivyo hulegeza mishipa na kupunguza kasi ya moyo. Betri yake hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, mara nyingi kulia, maana pesimeka nyingi hukaa kushoto.

Wengi hudhani pesimeka kazi yake ni kutoa umeme tu. Nayo husikiliza. Ikisikia moyo umepiga wenyewe, hunyamaza. Umeme wa shingoni ukifika kwenye waya wake, pesimeka inaweza kudhani ni pigo la moyo ikanyamaza, na mgonjwa anayeitegemea kwa kila pigo akaanguka na kuzimia. Kwa wenye kifaa cha kushtua moyo, umeme huohuo unaweza kusomeka kama moyo unaopapatika, mtu akapigwa shoti bure.

Kwa hiyo mtaalamu wa pesimeka huwapo na kompyuta yake. Barostim hupandishwa nguvu hadi juu, pesimeka huongezwa usikivu, kisha wote hukodolea skrini: je, kuna alama ngeni katikati ya mapigo? Zikiwapo, elektrodi husogezwa au nguvu hupunguzwa. Waya wa pesimeka unaosikiliza kwa ncha mbili zilizo karibu husumbuliwa kidogo kuliko ule wa ncha moja. Jaribio hili lirudiwe kila kifaa kimojawapo kinapobadilishiwa mipangilio. Binafsi naona ndilo linalosahaulika kirahisi.

Sumaku nayo ina mambo yake. Ikiwekwa juu ya pesimeka, kwa kawaida huifanya ipige kwa kasi moja bila kusikiliza. Juu ya kifaa cha kushtua huzuia shoti. Juu ya Barostim hukata umeme wa shingoni. Muuguzi wa dharura akikuta uvimbe wa betri pande zote mbili za kifua, atahitaji kadi za utambulisho za vifaa vyote viwili, kwa hiyo zikae kwenye pochi, si kabatini. Kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa) nacho kisifanyike mpaka masharti ya vifaa vyote viwili yatimie.

Mashine ya kawaida ya kupimia presha mkononi haina shida: hubana kwa hewa tu. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, pima mara mbili tatu kabla ya kuandika.