Damu haikuwa chafu

Juzi nimelisikia tena neno "kusafisha damu", ndani ya teksi ya kutoka Bombo kwenda Kampala. Mama mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za binti yake mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, iliyoingia kwenye figo: "Walimsafisha damu hospitali ya Kiruddu, sasa vidonge ameviacha."

Dayalisisi ni kuchuja damu kwa mashine pale figo zinaposhindwa. Kubadilisha plazma ni kutoa yale maji ya manjano ya damu na kutia mengine mahali pake, au albumini, yaani protini ya damu, huku chembe zikirudishwa mwilini. Yote mawili tunayaita kusafisha damu, na neno hilo linaumiza watu.

Ukisema kusafisha, umeshasema kuna uchafu, na uchafu ukitoka kazi imekwisha. Majina yenyewe ya Kigiriki hayana usafi ndani yake. Dayalisisi ni kutenganisha. Plazmaferesisi, jina la kitaalamu la kubadilisha plazma walilolitoa John Jacob Abel na wenzake kule Baltimore mwaka 1914, ni kuondoa plazma, basi.

Fikiria chujio la chai. Kinachopita unakinywa, majani yanabaki. Kwenye dayalisisi kinachopita ndicho kinachomwagwa: taka kama yurea, ambayo uzito wa molekuli yake ni 60 tu. Kingamwili, ile protini ya kinga inayoshambulia figo, ina uzito wa karibu 150,000. Haipiti. Mgonjwa atalala kwenye mashine kwa muda wa saa nne, atainuka nayo yote.

Kubadilisha plazma huitoa kweli, na kwa ugonjwa wa Goodpasture, ambao kingamwili hushambulia figo na mapafu, ni sehemu ya tiba yenyewe. Lakini mwili uliotengeneza kingamwili hiyo utatengeneza nyingine, ndiyo maana hata huko mgonjwa hupewa steroidi na dawa za kutuliza kinga. Kwa lupasi ya figo, majaribio hayakuonyesha kwamba kuongeza kubadilisha plazma kunawafaa wagonjwa walio wengi. Mzigo wote unabaki kwa vidonge, vilevile alivyoviacha yule binti.

Nilishuka kabla sijapata ujasiri wa kumgeukia. Ningemwambia hivi: Pole, mama. Damu ya mwanao haikuwa chafu. Walimchujia taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Kinachozila figo hakijaguswa. Mrudishe kliniki wiki hii, na vile vidonge alivyobakiza aende navyo mkononi.