Ukiziba Mpira wa Vakyumu kwa Skrubu, Umebadilisha Kabureta

Juzi nililetewa pikapu nyingine ya zamani ambayo mipira yake ya vakyumu (inayobeba mnyonyo wa hewa unaotengenezwa na injini) imekatwa na kuzibwa kwa skrubu, na mmojawapo kwa kipande cha kalamu ya wino. Mwenyewe alilalamika kwamba gari linatetemeka likisimama, injini inatoa mlio wa kugonga likipanda mlima na linavuja oili mahali ambapo halikuwahi kuvuja. Nilipomuuliza ni fundi gani aliyeziba ile mipira, alijibu kwa fahari kwamba ni yeye mwenyewe, kwa sababu vile vidude vya moshi vinanyonya nguvu ya injini. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na leo naijibu kwa maandishi ili nisirudie maelezo yale yale kila boneti linapofunguliwa.

Tuanze na vali ya EGR, yaani ya kurudisha moshi wa ekzosi, kwa kuwa ndiyo inayochukiwa kuliko zote. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili joto la mwako lipungue, maana oksidi za nitrojeni huzaliwa kwa wingi joto linapokuwa kali sana. Ni kweli kwamba moshi uliokwisha kuungua hauongezi nguvu. Lakini vali hiyo huvutwa na vakyumu, na ukikanyaga mafuta hadi mwisho, vakyumu karibu yote hutoweka na vali hujifunga yenyewe. Kwa hiyo, wakati ule hasa unapohitaji nguvu yote ya injini, EGR haipo kazini, na aliyeiziba hajapata chochote. Alichokipata ni kugonga kwa injini inapobeba mzigo wa wastani, kwa sababu waliopanga taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, waliipanga wakijua kwamba moshi huo utakuwepo kupoza mwako. Mlima ule uliomsumbua mwenye pikapu ni mzigo wa aina hiyo hiyo.

Hapo akaingilia kati na kusema kwamba kugonga kunatokana na mpira wa distributa, kifaa kinachogawa cheche, ambao yeye aliutoa kwenye tundu lililo juu ya kipepeo cha kabureta (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) akauhamishia kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Ubishi huu wa matundu mawili unanichosha kuliko yote, kwa maana watu huuzungumza kana kwamba ni injini mbili tofauti. Tundu la juu ya kipepeo halina vakyumu mguu ukiwa nje ya kanyagio; kipepeo kikianza kufunguka tu, tundu hilo linapata vakyumu inayokaribiana kabisa na ile ya manifoldi. Tofauti yao ya maana iko wakati kipepeo kimefungwa. Ukihamishia mpira kwenye manifoldi, distributa inatanguliza cheche hata gari likiwa limesimama, sailensi, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa nje ya kanyagio, inapanda, nawe unaishusha kwa skrubu na kujiona umerekebisha kabureta. Mlimani, mahali pa kugonga, mpira huo unavuta karibu sawasawa popote ulipouchomeka. Nimeurudisha ulipokuwa, kwa sababu sailensi ilipangwa kwa tundu hilo.

Vali ya PCV, inayonyonya gesi za tumboni mwa injini na kuzirudisha ziungue, sitaichelewesha. Hewa inayopita humo imekwisha kuhesabiwa katika jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli. Ukiiziba, mchanganyiko wa petroli unakuwa mzito kwenye sailensi, na gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni zinajaa tumboni mwa injini zikitafuta pa kutokea. Zikikosa, zinasukuma oili kwenye sili. Hilo ndilo vujo lake.

Mtetemo ulihitaji subira zaidi. Geji ya vakyumu ilionyesha inchi 13 za zebaki, na sindano ilitulia tuli. Injini nzima katika nyanda za chini husoma inchi 17 hadi 21, na husoma pungufu kwa takribani inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Usomaji mdogo uliotulia waweza kuwa hewa inayovuja, taimingi iliyochelewa, au vali ya EGR iliyokwama wazi, na geji haikuambii ni ipi. Taimingi niliikagua kwanza. Kisha nikafunga choki kidogo kwa mkono: kama tatizo ni hewa ya ziada, injini hutulia kwa sababu mchanganyiko unaongezewa petroli, kama ni moshi unaoingia au mchanganyiko uliokuwa mzito tangu mwanzo, huzidi kuharibika. Ilitulia. Nikaanza kuibana mipira mmoja mmoja kwa koleo yenye midomo laini, na nilipofika kwenye mpira mnene wa busta ya breki, kifaa kinachotumia vakyumu kulainisha kanyagio la breki, sauti ikabadilika. Ulikuwa umepasuka chini ya klempu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka klempu ifunguliwe. Vidude vyote vilihukumiwa kifungo kwa kosa la mpira mmoja uliokauka kwa joto.

Watu wengi huwinda uvujaji kwa kunyunyizia dawa ya kusafishia kabureta. Mimi hunyunyizia maji, kwa kuwa dawa ile hushika moto ikigusa ekzosi yenye joto, na nyusi zangu nimezizoea.

Lakini hata maji yana mipaka yake. Baada ya kurudisha mipira yote geji ilisoma inchi 17, na bado ulibaki mtetemo mdogo ambao ulipungua nilipolowesha kitako cha kabureta. Maji pale hufika kwenye gasketi na kwenye mhimili wa kipepeo kwa wakati mmoja, na mhimili uliolika hupitisha hewa kama gasketi iliyokufa; sijawahi kupata njia ya kuzitenganisha mbili hizi bila kukisia, ingawa mhimili ukicheza sana vidoleni dhana yangu huegemea huko. Huu ulicheza kidogo tu. Nimebadilisha gasketi kwanza, kwa kuwa ni kazi nyepesi kuliko kuchonga kabureta na kuivisha bushi mpya, na gari litakaporudi wiki ijayo nitajua kama nilikisia vibaya.