Viti maalum si uteuzi wa Rais, jamani

Nimeulizwa tena, safari hii kwenye semina ya elimu ya mpiga kura Mbagala: "Hao viti maalum (wabunge wanawake wasio na jimbo katika Bunge la Tanzania) si Rais ndiye anawateua?" Muulizaji ana shahada. Hapana! Wanaoteuliwa na Rais ni wengine kabisa, hawazidi 10, na angalau 5 kati yao lazima wawe wanawake.

Viti maalum viko ibara ya 78 ya Katiba. Zinajumlishwa kura zote halali za ubunge nchi nzima. Chama kikifikisha asilimia 5 kinapata viti kwa uwiano wa kura zake, kisha kinapeleka Tume ya Uchaguzi majina ya wanawake wake. Tuseme mgombea wako Temeke kapata kura 30,000, mpinzani wake 40,000. Kaanguka, sawa. Lakini zile 30,000 bado zinahesabiwa kwenye viti maalum vya chama chake. Kwa hiyo ukiniambia "kura yangu imepotea", tutakesha. Ila nakuelewa: karatasi ya kura ina picha ya mgombea wa jimbo tu, na hao akina mama huwaoni popote.

Kinachonikera zaidi ni wale wanaosema wabunge wote ni sawa. Kwenye kupiga kura bungeni, ndiyo. Ila ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Wa viti maalum hata awe hodari vipi, hapati. Kamati ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo nayo inaongozwa na mbunge wa jimbo. Sasa usawa uko wapi?

Wapo wanaouliza: mbona tusitenge viti kwa makabila pia? Burundi wamegawana bungeni waziwazi: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, na Watwa wana viti 3 vyao. Sisi sensa haijauliza kabila tangu 1967, utagawaje usichokihesabu?

Kama viti maalum vya wanawake vinatenda haki, hapo nasitasita. Mwaka 1985 vilikuwa 15, leo Katiba inataka visipungue asilimia 30. Lakini mwanamke akichukua fomu ya jimbo anaambiwa, "Dada, si mna viti vyenu?" Wengine wanataka tuige Kenya, ambako wapiga kura wa kila kaunti, zote 47, wanamchagua mwakilishi mwanamke moja kwa moja. Naipenda hiyo. Tatizo ni kwamba hata wao, tangu Katiba ya 2010, hawajaifikia ile theluthi ya wanawake bungeni waliyojiwekea wenyewe.