Mbu wa simtanki: tunavyomsaka Anopheles stephensi Arusha

Ukimtafuta Anopheles stephensi, mbu anayeeneza malaria, kwenye majaruba ya mpunga kule chini ya mji wa Moshi utarudi na Anopheles arabiensis, mbu mwingine wa malaria ambaye tunamjua siku nyingi. Huyu mgeni, asili yake Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni, ni mbu wa mjini. Anazalia kwenye simtanki, mapipa, visima vya kuhifadhia maji na mashimo ya maji ya mafundi ujenzi. Alionekana Jibuti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na mwaka 2022 akakamatwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kutoka Marsabit ni lami hadi Nairobi, Namanga, Arusha. Kwa hiyo tunaanzia kwenye maegesho ya malori, mafundi matairi na nyumba zinazojengwa.

Kiangazi usilale. Mvua zikikatika madimbwi hukauka na mbu wetu wa kawaida hupungua, lakini mapipa ya watu yamejaa. Timu inayosubiri masika humkosa.

Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Nyumbani, baada ya shikamoo, mama atakwambia maji yake ni safi, na ni kweli: stephensi anayapenda hayohayo. Usimwage hata ndoo moja, maji ya kiangazi yana bei.

Beba kata nyeupe ya mililita 350, tochi, ngazi, pipeti na chujio la chai. Fungua mfuniko taratibu, kivuli chako kisiangukie majini. Viluwiluwi wakishtuka huzama. Wakizama, ngoja dakika mbili tatu. Inamisha kata, ichote pembeni mwa chombo, mara kumi kwa simtanki. Kiluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Aedes na Culex huning'inia kichwa chini. Ukikuta Aedes, mbu wa dengi, usifunge mfuniko ukaondoka: stephensi huishi naye pipa moja. Chota tena.

Andika aina ya chombo, kama kina mfuniko na mahali kilipo kwa GPS. Vyombo visivyo na viluwiluwi navyo viandikwe, maana bila hivyo hujui umetafuta kiasi gani.

Mfuko wa viluwiluwi uachiwe hewa theluthi moja, ukae kivulini. Ukiuacha kwenye gari juani, jioni unafungua supu. Wakuze kwenye trei yenye maji ya chombo kilekile na unga kidogo wa chakula cha samaki. Ukizidisha, maji huchacha na wote hufa. Mbu akitoka kwenye pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu kamili, mwache siku nzima akauke ndipo umgandishe, la sivyo magamba ya mabawa, ambayo ndiyo utambulisho wake, hupukutika. Kila mbu kirija chake, chini silika jeli ya kunyonya unyevu, juu yake pamba. Unyevu ukiingia, ukungu huwahi kabla ya maabara.

Mitego ya taa usiitegemee, huyu huiingia kwa nadra.

Maabara ndiko anakopotelea mara nyingi. Kwa macho anafanana na Anopheles gambiae, mbu wetu mwingine wa malaria, hivyo hupelekwa kwenye PCR (kipimo cha DNA) ya kundi la gambiae, haitoi jibu, na karatasi inaandikwa "DNA imeharibika". Mrija wa namna hiyo usitupwe. Rudia kwa praima (vipande vya DNA vinavyolenga spishi fulani) za stephensi za eneo la DNA liitwalo ITS2, kisha peleka sampuli ikasomwe mfuatano wa DNA.